Kisima Kilichopumua na Mwalimu Aliyekaa Kukisikiliza

Siku mliyoniaga ofisini mlinikabidhi kipaza sauti, nikasema asanteni, nikakaa. Baadaye wachache wenu mlinifuata nje mkalalamika: Mama Naomi, umehangaika na maji ya mkoa huu tangu wengine hatujazaliwa, halafu unatuaga kwa neno moja? Mlikuwa na haki. Ila kipaza sauti kikiwa mkononi mwangu nasahau hata ninakotoka. Kalamu haina tabia hiyo. Kwa hiyo naandika, nikiwa nyumbani Kiomboi, kwenye meza ya chakula ambayo sasa ndiyo ofisi yangu, na bosi wangu ni mjukuu wa darasa la pili.

Habari za vyeo nitaziruka. Vilikuja vilipojisikia, na vingine vilikosea mlango vikaingia kwa jirani. Nataka kuwaeleza kisima kimoja na mwalimu mmoja. Najua baadhi yenu mmeanza masomo ya uzamili na wengine mnafikiria kuanza, na kila mara mnaniuliza chuo gani kina maabara nzuri. Ulizeni pia nani atakusimamia. Maabara nilizosomea nimeshazisahau majina.

Nilianza kazi nikiwa fundi sanifu. Siku ya kwanza nilipelekwa Ilongero kwenye mtambo wa kuchimba visima virefu, nikavaa raba nyeupe. Kufika mchana zilikuwa na rangi ya udongo ambayo haikutoka tena, nikaziacha huko huko. Msimamizi wa mtambo, Mzee Athumani, alinipa kipimio cha kina cha maji: utepe mrefu uliozungushiwa kwenye gurudumu la mkono, mwisho wake una ncha ya chuma inayolia ikigusa maji.

"Binti," aliniambia, "ukishusha hiyo, huinami juu ya shimo kama mtu anayeonja mchuzi. Unapiga goti, uso unaugeuza pembeni."

"Kwa nini, mzee?"

"Maji unayajua. Hewa iliyoko huko chini huijui."

Nilifanya alivyosema. Miaka ikapita, nikasoma shahada, nikawa injinia, na bado nilikuwa nikigeuza uso kwa mazoea, kama mtu anayebisha hodi nyumba ambayo anajua haina mtu.

Kisima chenyewe kilikuwa katika kijiji kimoja mbele ya Kinyangiri. Hakikuchimbwa na serikali. Kilichimbwa kwa mkono na wazee wa zamani, kikapita udongo, kikapita changarawe, kikaingia kwenye mwamba uliopasukapasuka. Watu walikuwa wakisema kinapumua. Mama mmoja alinionyesha siku moja: alisimama ukingoni na kanga mabegani, na pindo la kanga likawa linainuka taratibu, hali majani ya mti wa jirani yametulia kabisa. Nilicheka kidogo, kama tunavyocheka sisi watu wa ofisini, nikaondoka na pikipiki yangu.

Mwaka uliofuata mvua zilikatika mapema. Mtama ulikauka ukiwa haujafika kiunoni, na kisima kikabaki na tope. Ndugu wawili wa tumbo moja, Hamisi na Juma, wakajitolea kukisafisha. Hamisi, yule mkubwa, alishuka asubuhi kwa kamba na kufanya kazi vizuri, akiimba huko chini, ndoo za tope zikipanda. Mke wake, Mwajuma, akaleta ugali wa uwele na mlenda, akamwita. Hamisi akapanda, akanawa, akala, akapumzika kivulini, akatania watu. Mchana akashuka tena.

Waliokuwa wameshika kamba walisema hakupiga kelele. Alifika chini, akaegemea ukuta, akakaa kama mtu aliyechoka. Juma alimwita mara kadhaa. Alipoona kaka yake haitiki, akashuka kumfuata. Naye akakaa chini.

Mimi nilikuwa Kinyangiri nikikagua pampu ya zahanati. Nilipofika, walikuwa wameshatolewa kwa ndoano na kamba na kulazwa kwenye mkeka. Hawakuwa na jeraha. Nyuso zao zilikuwa zimetulia sana, na hilo ndilo lililowatisha watu zaidi. Kesho yake asubuhi walikuja waokoaji kutoka wilayani. Wakawasha taa ya chemli, wakaishusha kwa kamba mbele ya kijiji kizima, nami nikiwa nimesimama pale. Taa ilishuka ikiwaka, ikafika juu ya tope ikiwaka, ikapanda ikiwaka. Mkuu wao akatangaza kwamba hewa ni nzuri.

Fikirini maneno hayo yaliingia vipi kwenye masikio ya wafiwa. Kama hewa ni nzuri, basi kilichowaua si hewa. Na kitu cha mwisho Hamisi alichokula ni chakula cha mkewe. Juma hakukila chakula hicho, lakini msibani hakuna anayepanga hoja. Wajomba wakasema Mwajuma amemtoa mumewe kafara, na shemeji amefuata kwa sababu kafara likishafunguliwa halishibi. Watoto wake wawili wakabaki kwa ukoo. Yeye akarudishwa kwao na mabunda yake mawili ya nguo. Mama mkwe wake, Bibi Zaituni, aliyezika wana wote wawili siku moja, hakusema kitu. Alikuwa amekaa akiutazama mwelekeo wa kisima.

Kisima kilifunikwa kwa bati chakavu lililotolewa kwenye paa la zamani, likakandamizwa kwa mawe na matawi ya miiba.

Nilirudi pale wiki iliyofuata, mchana, peke yangu. Sikutumwa. Niliondoa jiwe moja, nikasogeza bati, nikapiga goti, uso pembeni, nikashusha chemli yangu. Haikufika hata nusu. Moto ulipungua, ukawa wa bluu, ukazimika kama uliobanwa na vidole. Nikaivuta, nikaiwasha, nikaishusha tena. Ikazimikia pale pale. Na shavu langu lililokuwa upande wa kisima likahisi hewa yenye ubaridi na uvuguvugu kwa pamoja, isiyo na harufu yoyote, ikipita polepole kuelekea juu. Nilirudisha bati, nikatembea kwenda kwenye pikipiki. Nilitaka kukimbia, lakini mwili ulikataa kukipa kisima mgongo haraka namna hiyo.

Asubuhi iliwaka. Mchana ilizimika. Jambo hilo nilikaa nalo mpaka nilipokwenda Dar es Salaam kusoma uzamili.

Nilikuwa mtu mzima darasani. Wenzangu walikuwa vijana, wanaandika programu za kompyuta huku wanakula chipsi. Mimi nilikuwa nimeacha watoto watatu na mume Kiomboi, na simu zangu za mapumziko zilihusu homa na ada za shule. Tulipotakiwa kuchagua mada, nilipangiwa mabomba: mtiririko wa maji katika mitandao ya mji. Mada nzuri, safi, haina maiti. Msimamizi niliyepewa aliitwa Dokta Lwitiko, mtu wa Tukuyu, mwembamba, goti lake moja bovu, anayeongea taratibu mpaka unadhani amemaliza kumbe bado.

Aliniuliza kwa nini niliacha kazi na familia kuja kusoma mabomba. Nikaanza kumjibu majibu ya fomu. Akanyamaza tu. Ukimya wake ulikuwa wa kusubiri, na nikajikuta nimemweleza kila kitu: ndugu wawili, ugali, taa, Mwajuma. Nilipofika kwenye taa kuzimika niliona aibu, nikasema, "Samahani, Dokta. Najua haya si mambo ya chuo."

Hakucheka. Aliuliza, "Waokoaji walishusha taa wakati gani?"

"Asubuhi mapema."

"Na wewe?"

"Baada ya chakula cha mchana."

"Na Hamisi?"

Nilipomjibu, aliinuka kwa shida ya goti, akafungua kabati, akatoa barometa ya zamani yenye kioo, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati. "Mgandamizo wa hewa hupanda asubuhi na kushuka mchana," alisema. "Hushuka kidogo sana, mwili hausikii. Sijui kama mwamba unasikia. Wewe unajua?"

"Sijui."

"Basi hiyo ndiyo mada."

Namna hiyo ndivyo nilivyoacha mabomba. Lakini mada lazima ipite kwenye kikao cha idara, na mkuu wa idara alisoma kichwa cha andiko langu kwa sauti, akakunja karatasi. "Mama Naomi," akasema, "hii ni idara ya uhandisi. Mizimu iko jengo lingine." Ukumbi ukaangua kicheko. Nilisimama pale mbele nikiwa na kalamu ya ubaoni mkononi, nikayaona mashamba ya alizeti ya kwetu, nikatamani niwe huko.

Dokta Lwitiko alisubiri wacheke hadi wamalize. Kisha akasema kwa ile sauti yake ya taratibu, "Wamekufa watu wawili mchana, mahali ambapo asubuhi taa iliwaka. Mwenye sababu nyingine atuambie, mwanafunzi aanzie hapo." Akawaangalia mmoja mmoja. "Kama hakuna, naomba apewe nafasi akapime. Akifeli, andikeni na jina langu."

Walinipa nafasi kwa masharti mengi. Jioni ile nilimwambia nataka kurudi nyumbani moja kwa moja. Hakunibembeleza. Aliniambia nipumzike, Jumatatu nije na swali moja tu ambalo mkuu wa idara angeliuliza na mimi siwezi kulijibu. Nikaja nalo. Tukalifanyia kazi. Jumatatu iliyofuata nikaja na lingine. Alikuwa akisahihisha kurasa zangu kwa kalamu ya kijani, kwa sababu alisema nyekundu humfanya mtu mzima ajisikie mtoto. Mume wangu alipolazwa, alisogeza tarehe zangu bila kunitaka nieleze habari za wodi. Na kulikuwa na kipima oksijeni, kifaa kinachotumika migodini, ambacho idara haikuwa nacho. Alimwandikia mwanafunzi wake wa zamani aliyekuwa mgodini, kikaja kimefungwa kwenye taulo.

Wasimamizi wengi wangeishia hapo, na ningeshukuru. Yeye alipanda basi akaja Singida.

Tulifika kijijini na mwenyekiti wa kijiji, tukaenda kwanza kwa Bibi Zaituni. Nilipiga magoti nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kunitazama. Dokta Lwitiko, pamoja na goti lake, naye alichuchumaa. Akamwambia, "Mama, mimi ni mwalimu wa huyu binti. Tunaomba ruhusa ya kukaa kisimani. Hatutashuka. Tutasikiliza tu."

Bibi alimgeukia. "Mnasikiliza nini?"

"Hatujajua bado, mama."

Nadhani ni jibu hilo lililotufungulia. Bibi alichukua kigoda chake akaja nasi.

Tulianza asubuhi. Tulifungua upenyo mdogo pembeni ya bati, nikachomeka kijiti chenye uzi mwekundu, nikaweka barometa kwenye jiwe kivulini. Nikawasha kipande cha gunia. Moshi ulienda hadi kwenye upenyo, ukainama, ukaingia ndani ya kisima kama unaovutwa na mdomo. Uzi ukaelekea chini. Nilishusha kipima oksijeni: hewa nzuri mpaka juu ya maji. Njiwa pori walikuwa wamejenga kwenye nyufa za ukuta, wakiingia na kutoka kupitia sehemu bati lilipoliwa na kutu. Kisima cha kawaida kabisa. Watoto walikuwa wakicheza mbali kidogo, wamekatazwa kusogea.

Jua likapanda. Uzi ukaanza kulegea. Sindano ya barometa, niliyokuwa naigonga kidogo kwa ukucha kama Dokta alivyonifundisha, ikafika mwisho wa kupanda na kusimama. Ghafla njiwa wote wakatoka kwa pamoja, hawakushtuliwa na kitu, wakaenda kutua kwenye paa la nyumba ya mbali. Hakuna hata mmoja aliyerudi. Watoto nao wakaacha kucheza. Sijui nani aliwaambia.

Uzi ukaning'inia umetulia. Halafu ukainuka.

Moshi sasa ulikataa kuingia. Ulisukumwa nje, ukasambaa miguuni mwetu. Nilishusha kipima, kikaanza kulia kwa king'ora chake chembamba kabla ya kufika kwenye mwamba. Nikakipandisha. Hewa iliongezeka nguvu, ikatafuta pa kutokea, ikapata matundu ya misumari ya zamani kwenye lile bati. Na kisima kikatoa sauti.

Ilianza chini sana, kama mtu anayeguna usingizini. Kisha ikapanda, ikashuka, ikapanda. Ilikuwa mchana kweupe, jua la utosi, kivuli changu kimejikunja miguuni, na nywele za mikono yangu zilisimama. Dokta Lwitiko alikuwa amefumba macho. Akanisogelea sikioni akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Hamisi ni nani? Ndiye yule mkubwa?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Nimesikia anaitwa."

Nami nilikuwa nimesikia. Nilikuwa nimeshaanza kujieleza: ni bati, ni matundu, ni ile "si" ya mwisho ambayo mluzi wowote unaweza kuitoa, na mimi nalijua jina ndiyo maana nalisikia. Yeye naye nilishamtajia jina hilo ofisini kwake, mara moja au mbili, miezi mingi nyuma. Maelezo hayo yalikuwa mazuri, na bado yananitosha siku nyingi. Lakini kabla sijamaliza kujieleza, Bibi Zaituni aliinuka kwenye kigoda, akasogea, akaanza kuongea na kisima kwa Kinyiramba. Hakulia. Aliongea kama mama anayemjibu mtoto aliyeko chumba cha pili: ndiyo baba, nipo, watoto wamekula, ng'ombe wako salama. Kisima kilipotulia alinyamaza. Kilipotoa sauti, alijibu.

Dokta alivua kofia yake akaiweka mapajani. Tulikaa hivyo mpaka mgandamizo ulipoacha kushuka na sauti ikakatika yenyewe.

"Niandike nini?" nilimuuliza.

"Ulichoona. Uzi, moshi, njiwa, oksijeni, sauti."

"Na jina?"

"Ulilisikia?"

"Nililisikia."

"Basi andika kwamba tulilisikia. Usiliingize kwenye jedwali. Lakini usilifute."

Niliwahi kusimulia haya kwa injinia mmoja wa mkoa mwingine, akasema msimamizi wake angemwambia aache upuuzi. Nikamwambia basi asingeona njiwa. Mtu akishaambiwa asione kitu kimoja, huacha kuona na vile vya jirani yake.

Nilirudi kule misimu miwili, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, na kisima kilifanya vile vile. Maelezo yake, kwa ajili yenu mtakaosimamia visima: mwamba ule una nyufa zinazokwenda mbali, zimejaa hewa. Asubuhi hewa ya juu huzidi nguvu, kisima huvuta hewa safi ndani. Baadaye mgandamizo hushuka, na ile hewa iliyokaa ndani ya mwamba, ambayo oksijeni yake imeshaliwa na mawe na maji, hutoka na kujaza kisima. Haina harufu wala rangi. Mtu akiingia humo haoni kuwa anakufa. Kwa hiyo hewa iliyopimwa asubuhi ni ya asubuhi. Mnapima kila mara mtu anapotaka kushuka, na mnaendelea kupima akiwa chini. Anayebishana, mpeni kazi nyingine.

Siku ya kutetea tasnifu, jopo lilikuwa limekaa meza ndefu na mkuu wa idara katikati. Alifunua kurasa, akavua miwani. "Kwa hiyo, baada ya safari zote hizo, unatuambia kisima kinapumua?"

 Nilimtazama Dokta Lwitiko, ambaye kwa taratibu haruhusiwi kunijibia. Alikuwa ameegemea kiti na kufumba macho, vile vile kama kule kisimani. Alikuwa ananisikiliza. Nikakumbuka kwamba kuna mtu amesafiri nusu ya nchi kuja kukaa juani na mimi, nikajibu.

"Ndiyo, Profesa. Kinapumua. Na nimeweka vipimo vya kila pumzi ukurasa unaofuata."

Aliufunua. Akasoma muda mrefu. Aliniuliza maswali magumu, ya haki, na ninakiri kuwa baadhi yaliiboresha ile kazi. Mwishoni alinipa mkono. Ilikuwa uungwana wake, na nimemwekea kumbukumbu hiyo pamoja na ile ya mizimu.

Wenzangu wakataka tupige picha. Dokta Lwitiko alinivuta pembeni. "Yule mama wa watoto wawili ameshaambiwa?"

"Bado."

"Basi hatujamaliza."

Alikuja tena, safari hii akitembea na mkongojo. Mwenyekiti aliitisha mkutano wa kijiji pale pale kisimani, asubuhi. Nilimpitia Mwajuma kwa wazazi wake. Njia nzima alikuwa amejitanda ushungi hadi kwenye nyusi. Watu walipomwona wakaacha nafasi kubwa pande zote mbili, kama maji yanayokwepa jiwe. Wajomba walikuwa wamekaa mbele.

Nilishusha taa. Ilifika chini ikiwaka. "Tuliiona siku ile," mjomba mkubwa akasema. "Injinia, unaturudisha kwenye msiba?"

"Naomba msiondoke, mjomba. Tusubiri."

Tulisubiri. Watu walileta karanga, wakanong'ona, wakalalamika jua. Njiwa wakatoka kwa pamoja wakaenda zao, na minong'ono ikakoma. Nikashusha taa ile ile, mafuta yale yale, kwa kamba ile ile. Nikamwomba mjomba aishike kamba mwenyewe. Ikazimika mikononi mwake. Akaivuta, akaitikisa asikie mafuta, akaiwasha kwa kiberiti chake mwenyewe, akashusha. Ikazimika. Akafanya hivyo hadi njiti za kiberiti zikaisha.

Ndipo Dokta Lwitiko akaomba kusema. "Wazee wangu, mabadiliko haya huanza kabla ya adhuhuri. Marehemu alikuwa bado yuko chini yalipokaribia. Mke wake alimwita kula. Asingemwita, angefia huko mapema zaidi. Kile chakula mnachokisema ndicho kilichompandisha juu, akanawa, akacheka na nyie, akapumua hewa safi kwa mara ya mwisho. Huyu mama hakumwua. Alimwongezea muda."

 Kisima kikaanza kuguna. Mwajuma alikaa chini pale pale kwenye vumbi, kilio kikamtoka ambacho nadhani kilikuwa kimesubiri miaka. Bibi Zaituni akainuka, akaenda nyumbani kwake, akarudi amewashika mkono wale watoto wawili. Hakuomba ruhusa ya mjomba yeyote. Akawasimamisha mbele ya mama yao.

"Mkwe wangu," alisema, "wamekua. Wachukue. Lakini uwe unawaleta nami niwaone."

Nilimsindikiza Dokta stendi ya Singida. Tulipokuwa tukisubiri basi nilimuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza. "Mwalimu, lile jina. Lilikuwa bati?"

"Sijui," alisema. Alitafakari. "Mgandamizo tunaujua. Lile sijui, na nimefikiria sana." Alisema hivyo bila aibu hata kidogo, mtu mwenye shahada ya uzamivu, huku anatafuta tiketi mfukoni.

Alifariki miaka michache baadaye. Kwenye mazishi, Tukuyu, tulijikuta kundi zima la watu tusiofahamiana, wa barabara, wa umeme, wa migodi, kila mmoja anaeleza namna mzee alivyosafiri kwenda kukaa naye mahali fulani pa ajabu: kwenye daraja, kwenye handaki, kwenye bwawa. Kila mmoja alikuwa amedhani ni yeye peke yake.

Kisima kile tulikifunika kwa zege na kukiwekea pampu ya mkono, na hakuna aliyeshuka tena. Tulipokuwa tukimimina zege, Bibi Zaituni aliomba jambo moja: bomba la kupitishia hewa lisizibwe juu. Kitaalamu lilihitajika, kwa hiyo sikulazimika kumdanganya mtu yeyote. Nikaliacha wazi, lenye kona, lenye wavu wa kuzuia wadudu.

Nimekuwa nikipita pale kila mwaka kukagua. Mara nyingi nilimkuta Bibi amekaa na mgongo wake ameuegemeza kwenye zege, ushungi umeteremka mabegani, anaongea na bomba. Anasema neno, anasubiri, anatabasamu au anatikisa kichwa, anasema lingine. Nilikuwa nazima gari mbali kidogo, tunakaa.

Mwaka mmoja nilikuwa na wawili wenu, sitawataja, na tulikuwa na pampu nyingine za kukagua kabla ya jioni. Mmoja akaangalia saa, akauliza tunasubiri nini.

"Kuna mtu yuko kwenye mazungumzo," nikamwambia.

Aliangalia kulia na kushoto. Hapakuwa na mwingine isipokuwa yule bibi. "Anaongea na nani, Mama?"

Nilimwambia ashushe kioo cha dirisha, asikilize mwenyewe, halafu aniambie. Akashusha. Tulikaa pale mpaka hewa ilipotulia. Yule kijana hakuniambia alichosikia, nami sikumuuliza, ila aliposhuka kwenda kupima, alivua kofia.